MZIGO USIOSEMA KILO ZAKE, HAPANA KUUINUA

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama kwenye mkutano wetu wa miezi mitatu, pamoja na wafadhili waliokuja kututembelea. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Komite imeniomba niseme kidogo juu ya kazi ya kuinua na kushusha mizigo mizito. Najua mwingine anajiuliza moyoni: sisi ni chama cha watu waliorudi kutoka ukimbizini, mambo yetu ni mashamba, nyumba na masomo ya watoto. Sasa habari za minyororo na palani zinatoka wapi?

Zinatoka kwetu wenyewe. Tazameni kazi tulizo nazo mwaka huu. Tunachimba visima, na kila kisima kinataka pete za betoni zishushwe chini moja moja. Vijana wetu wanapakua mashua zinazotoka Kigoma, Kalundu na Kalemie. Tuko na kinu cha mihogo na mota yake. Tuko na manjanja na vyuma vya madarasa. Katika kila kazi hiyo kuna dakika ambapo kitu kizito kiko juu, na mtoto wa mtu yuko chini yake ao pembeni yake. Ninataka tuongee juu ya dakika hiyo. Na zaidi ninataka tuongee juu ya jambo moja linaloitangulia: je, wale wanaoinua wanajua wanainua nini, na ni kilo ngapi?

JINA NI KITU KIMOJA, KILO NI KITU KINGINE

Wengi wenu mlipopanda meli Kigoma kurudi Baraka, kuanzia mwaka 2005 na kuendelea, mlifunga vifurushi vyenu na kuandika juu yake jina ao nambari ya familia. Kila mtu alijua faida yake. Kifurushi kisicho na nambari kilipotea, ao kilichukuliwa na mwingine. Kwa hiyo alama juu ya mzigo si kitu kigeni kwetu. Mama yeyote hapa anaweza kumfundisha mtoto wake.

Lakini ile alama ilisema mzigo ni wa nani. Haikusema mzigo una kilo ngapi, wala upande gani ndio mzito, wala ushikwe wapi. Kwa kifurushi cha nguo na sufuria hakuna shida. Mtu anakijaribu kwa mkono, akiona kizito anaita ndugu yake. Kwa pete ya betoni ao mota, mkono hauwezi kujaribu. Ukigundua kwamba ni nzito, tayari iko hewani. Ndiyo maana ninawaambia vijana: jina linazuia wizi, kilo zinazuia kifo. Vyote viwili viandikwe.

MOTA YA KINU

Nitawapa mfano ambao wengine mliuona kwa macho. Kinu chetu kilipofika pwani, kilikuwa ndani ya kasha moja la mbao. Karatasi iliyokuja nacho iliandikwa tu: kasha 1, kinu na mota. Kilo hakuna. Upande wa mota hakuna alama. Kasha lilikuwa limefungwa pande zote, hata mtu hakuweza kuchungulia.

Vijana wakahesabu kwa macho. Wakasema, tuko wanane, wanne huku na wanne kule, inatosha. Hatua chache tu baada ya kutoka majini, upande mmoja ukashuka ghafla. Kijana mmoja akavunjika mguu. Ninyi nyote mnamjua, mpaka leo anatembea na fimbo. Sanduku letu la kusaidiana lililipa matibabu, lakini halikuweza kumrudishia kazi ya pwani.

Baadaye tulilipima lile kasha. Lote lilikuwa kilo 480, na kati ya hizo mota peke yake ilikuwa kilo 340, nayo ilikaa upande mmoja. Hesabuni basi. Wale wanne wa upande wa mota walikuwa wamebeba karibu kilo 360, ndiyo kilo 90 kwa kila mtu. Wale wanne wengine walikuwa na kilo 120 tu, ndiyo kilo 30 kwa mtu. Watu wanane walitosha kama uzito ungegawanyika sawasawa. Hawakukosa nguvu, na hakuna aliyefanya uvivu. Walikosa namba mbili na alama moja ya rangi kwenye mbao.

HILI JAMBO WENGINE WALILIONA ZAMANI

Msifikiri ni shida ya watu maskini wa ziwani tu. Mwaka 1929, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Geneva mkataba wake wa nambari 27. Mkataba huo unasema: mzigo wowote wa kilo 1000 ao zaidi, unaosafirishwa kwa bahari ao kwa njia za maji za ndani ya nchi, uandikwe uzito wake kwa nje, wazi na kwa namna isiyofutika, mbele ya kupakiwa. Na mahali ambapo ni vigumu kujua uzito kamili, sheria ya nchi inaweza kuruhusu kuandika uzito wa kukadiria. Kwa hiyo hata wale wakubwa wa Geneva walielewa kwamba kukadiria ni afadhali kuliko kunyamaza.

Pamoja na hayo, watu waliendelea kudanganya kilo. Mwezi wa Januari 2007 meli kubwa ya makontena, MSC Napoli, ilipasuka ubavu katika dhoruba karibu na Uingereza, ikapelekwa pwani isije ikazama. Makontena 660 yaliyokuwa juu ya sitaha yalipopimwa, 137 yalikutwa yana tofauti ya zaidi ya tani 3 na kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Moja kati ya matano. Kuanzia tarehe 1 Julai 2016, sheria ya usalama wa bahari inataka kila kontena lipimwe kwanza, na uzito uliohakikishwa upelekwe kwa meli, la sivyo lisipakiwe.

Na hapa kwetu ziwani tuna mfano mwingine. Meli ya Liemba, ile iliyobeba wakimbizi wengi sana kuwarudisha Congo mwaka 1997, haikufika Tanganyika ikiwa nzima. Ilitengenezwa Ujerumani, huko Papenburg, mwaka 1913, wakati ule ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha kama 5000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya. Iliingia majini Februari 1915. Fikirini makasha elfu tano yako chini pale Kigoma. Bila kujua kasha hili ni la nini, mngeanzia wapi? Bila kuandika, kazi kubwa haiwezekani.

ETIKETI YETU ISEME NINI

Tumekubaliana na ekipi ya pwani na ekipi ya visima kwamba kila mzigo unaopita kilo 100, ao unaohitaji kamba na palani hata kama ni mwepesi, utaandikwa mambo sita. Niyaseme polepole.

La kwanza, nambari ya mzigo, ile ile iliyo kwenye daftari la dipo. La pili, ni kitu gani kiko ndani. La tatu, kilo zote pamoja na kasha, kamba na mbao zake, si kilo za bidhaa peke yake. La nne, kama kilo hizo zimepimwa ao zimekadiriwa. Tutaandika P kwa kupimwa na K kwa kukadiriwa, na mwenye kuandika ataweka jina lake na tarehe. La tano, kitovu cha uzito, ndiyo mahali mzigo ungekaa sawa kama ungening'inizwa hapo. Tutakichora kwa msalaba ndani ya duara, pande mbili za kasha. La sita, mahali pa kushika: tutachora mnyororo mdogo pale ambapo kamba ipite. Kama kuna upande wa juu, mishale miwili inayotazama juu. Alama hizi za mnyororo na mishale ni zile zile mnazoziona kwenye makasha yanayotoka nje. Hatubuni lugha mpya.

Kama ndani kuna kitu cha hatari, mafuta, asidi ya betri, dawa ya klori ya maji, hilo liandikwe kwa rangi nyekundu mbele ya mambo yote.

Uandike pande mbili zinazotazamana, kwa herufi ambazo mtu anasoma akiwa amesimama mbali, kwa sababu wakati wa kuinua hatutaki mtu asogee kusoma. Karatasi iliyobandikwa kwa gundi haifai hapa, juu ya mvua na maji ya ziwa. Tumia rangi ya mafuta, ao kipande cha bati kilichotobolewa na kufungwa kwa waya.

KAMA HAKUNA MIZANI

Vijana wananiambia: shefu, mizani kubwa iko dipo, sisi tuko pwani ao porini kwenye kisima, tutapima namna gani? Jibu ni kwamba vitu vingi tunavyoinua vinahesabika. Andikeni namba hizi nyuma ya daftari.

Maji: lita moja ni kilo moja. Pipa la lita 200 likijaa maji linakaribia kilo 220 pamoja na bati lake. Likijaa mazuti linakaribia 190. Mafuta ya mawese yako katikati, karibu 200.

Saruji: mfuko ni kilo 50, na mifuko 20 ni tani nzima. Watu wengi hawaamini mpaka wahesabu.

Chuma cha ujenzi cha milimita 12, kile cha urefu wa mita 12, kimoja kina kilo 10 na gramu 700 hivi. Fungu la vyuma 50 ni kilo 533. Cha milimita 8 ni karibu kilo 4 na gramu 700 kwa kimoja.

Betoni: mita moja ya mraba wa pande zote, urefu, upana na kimo, ni kilo 2400. Pete yetu ya kisima yenye upana wa mita 1 na sentimita 20 kwa nje, mita 1 kwa ndani, na kimo cha sentimita 50, inatoka karibu kilo 415. Ile ya kimo cha mita 1 ni mara mbili yake, kilo 830. Sikilizeni hapo vizuri. Pete hizi mbili zikilala kwenye mchanga, nusu imezama, mtu akizitazama kwa haraka anaziona sawa. Palani yetu ndogo ni ya kilo 500. Moja inaiweza, nyingine itaivunja.

Kuna mambo ambayo yanabadilisha kilo baada ya kuandikwa. Mbao mbichi ni nzito sana kuliko kavu. Mchanga uliokula mvua si ule wa jana. Gunia la mahindi linaloitwa la kilo mia, kama limeongezwa kichwa na kushonewa kamba juu, si la kilo mia tena. Wale waliokaa Kigoma na Kasulu wanaijua lumbesa. Na kitu kilichokwama kwenye tope kinavuta palani zaidi ya kilo zake zilizoandikwa, kwa sababu tope linakishika. Kwanza chimba pembeni, kitikise, kiachie, ndipo uinue.

VIFAA NAVYO VIWE NA ETIKETI

Kujua kilo za mzigo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kamba yako inaweza kilo ngapi. Mnyororo, kable, mkanda wa kitambaa, kulabu, palani, kila kimoja kilitoka kiwandani na kilo zake zimeandikwa. Kwenye palani ni kibati kidogo. Kwenye mkanda ni kitambaa kilichoshonewa.

Mikanda mingi ya kuinulia inayotoka Ulaya inafuata rangi. Zambarau ni tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5. Lakini msitegemee rangi peke yake. Jua la hapa linafuta rangi, na sokoni kuna mikanda ambayo rangi yake ni ya kupendeza tu. Soma kitambaa kilichoshonewa. Kama kimekatika na hakisomeki, ule mkanda si wa kuinulia tena. Na kilo zile ni kwa mkanda uliovutwa wima. Ukiuzungusha kwenye mzigo na kuupitisha ndani yake wenyewe kama kitanzi, unabaki na nguvu 80 kwa 100. Ukiufunga fundo, hesabu yote imekufa. Mkanda wa kuinulia haufungwi fundo.

Mnisikie na kwa hili: mtu anasema, kiwanda kimeweka akiba, mkanda wa tani 1 hauvunjiki mpaka tani 7. Ni kweli, mikanda ya kitambaa inatengenezwa hivyo, na minyororo mara 4. Lakini ile akiba si yako ya kutumia. Iko pale kwa ajili ya mtikisiko, ya jua, ya mikwaruzo, na ya siku ambapo mwenzako amekadiria vibaya. Ukiila akiba leo, kesho huna kitu.

Katika dipo letu kila kifaa kitapewa nambari na ukurasa katika daftari: kilinunuliwa lini, kinabeba kilo ngapi, nani alikitazama mara ya mwisho. Kila miezi mitatu tutavitazama vyote. Vilivyo vizuri vinapakwa rangi ya msimu huo. Kifaa chenye rangi ya msimu uliopita hakitoki dipo. Vilivyoharibika tutavikata vipande. Tusiviweke pembeni, juu ya mtu atakuja usiku kuviazima.

KAMBA MBILI HAZIGAWI SAWA KILA MARA

Jambo hili linadanganya hata mafundi. Una mzigo wa kilo 400 na kamba mbili zinazokutana juu kwenye kulabu. Utasema kila kamba inabeba 200. Ni kweli, kama zimesimama wima. Zikifunguka kama miguu ya mtu aliyesimama, pembe kati yao ikiwa digri 60, kila moja inabeba 231. Ikifika 90, kila moja 283. Ikifika 120, kila moja inabeba 400, mzigo mzima! Na kamba zikilala karibu na mzigo, digri 150, kila moja inavuta zaidi ya 770.

Mtakaofika nyumbani jaribuni na ndoo ya maji. Watoto wawili waishike, mikono yao ikiwa karibu. Kisha waambie wasogee mbali, kila mmoja upande wake. Maji ni yale yale, lakini watalia.

Kanuni ya chama itakuwa rahisi: kila kamba, moja peke yake, iweze kubeba mzigo wote. Na pembe isipite 90, ndiyo kona ya daftari. Shika daftari hewani mbele ya macho yako, tazama kamba. Zikifunguka kupita kona yake, shusha, tafuta kamba ndefu zaidi. Kama kamba ni tatu ao nne, kanuni ni ile ile, kwa maana mara nyingi mbili tu ndizo zinazobeba kweli, nyingine zimelegea.

NA ASIYEJUA KUSOMA?

Mama mmoja wa ekipi ya mchanga aliniuliza hivi: mwanangu, mimi sikusoma, hiyo etiketi yako itanisaidia nini? Ni swali la haki. Kama etiketi ni ya waliosoma tu, basi haitalinda wale ambao wako karibu zaidi na mzigo.

Kwa hiyo pamoja na namba tutachora mistari. Mstari mmoja mweusi mnene ni kilo 100. Duara moja ni tani. Ukikadiria, kila mara panda, usishuke: pete ya kilo 415 ina mistari 5, ile ya 830 ina mistari 9. Na palani, mikanda na minyororo nayo itachorwa mistari ile ile. Palani ndogo ina mistari 5, palani kubwa ina duara. Sasa mtu yeyote, hata mtoto, anaweza kulinganisha. Kama mistari ya mzigo imepita ya kifaa, hapana kuinua. Na yeyote anayeona hivyo ana haki ya kupiga kelele «Simama!», na kazi inasimama, hata kama ni mama wa mchanga na aliyeshika palani ni injenia.

FEZA YA SIKU

Sasa nifike pale panapouma. Pwani mbebaji analipwa kwa mzigo. Mashua ikifika, wenye haraka ndio wanaokula. Kijana akisema «mzigo huu hauna kilo, siubebi», mwenye mzigo ataita ekipi nyingine, na kijana wetu atarudi nyumbani mikono mitupu. Mnamwambia alinde mguu wake, lakini jioni watoto wanataka bugali. Nimesikia neno hili kutoka kwa wengi, na sitalipita kana kwamba sikulisikia.

Wengine nao wanaandika kilo chache makusudi, walipe usafiri mdogo. Mzigo wa 300 unaandikwa 200. Huyo anaokoa franka zake kwa mgongo wa mtu mwingine.

Ninaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Moja, hakuna palani, kamba wala mnyororo wa chama utakaotoka dipo, kwa mwanachama ao kwa mpangaji, bila mzigo kutajwa kilo kwenye daftari. Mbili, kapita wa ekipi akikataa mzigo usio na alama, sanduku la kusaidiana liwalipe vijana wake nusu ya kile ambacho wangepata, ili kukataa kusiwe njaa. Tatu, komite iende kuongea na wenye mashua na ekipi nyingine za pwani, juu ya kanuni hii ikifuatwa na sisi peke yetu, itatuumiza sisi peke yetu.

Mzee mmoja aliniambia: tulibeba miaka yote bila rangi zako. Mzee, ni kweli, na tunaheshimu. Lakini mlibeba magunia na mbao, vitu ambavyo mkono unavijua. Leo tunashusha pete ya kilo 800 juu ya kichwa cha mchimbaji aliye shimoni. Mkono hauijui.

Wengine wanasema kuandika kunachelewesha kazi. Kuandika pete moja ni dakika chache, tena inafanyika siku betoni inapomwagwa, si siku ya kuishusha. Kuinua upya kitu kilichoanguka kisimani kunakula wiki, kama hakikuangukia mtu.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu mnaotusaidia, tunawashukuru sana. Tunaomba jambo ambalo halina gharama kubwa. Mnapotutumia mashine, andikeni kilo nje ya kasha, na chora kitovu cha uzito. Mwenye kufunga kasha ndiye peke yake anayejua kilicho ndani na kimekaa upande gani. Likishapigwa misumari, ujuzi huo unabaki kwake, na hatari inakuja kwetu.

Na katika bajeti za visima, tafadhali ile mistari ya rangi, vibati na mikanda mipya msiikate ya kwanza. Ninajua inaonekana midogo pembeni ya saruji na pampu. Lakini mkanda wa miaka mingi ambao hausomeki ndio unaoshikilia ile saruji juu ya shimo.

KABLA YA KUINUA

Namaliza na mpango wa kazi. Mbele ya kila kuinua, kapita atasoma kwa sauti: nambari, kitu, kilo, kifaa na kilo zake. Mtu mmoja tu anatoa ishara ya mkono, lakini ishara ya kusimama inaweza kutolewa na yeyote. Hakuna mtu chini, na mchimbaji anatoka shimoni kwanza. Mzigo unainuliwa kiasi cha kiganja, unasimama, watu wanautazama. Kama unalala upande mmoja, alama ya kitovu ni ya uongo. Shusha, funga upya, sahihisha etiketi.

Jumamosi saa mbili asubuhi tutaanza kwenye dipo na pete kumi na moja zilizoko uani. Ekipi ya visima ilete kipimo cha mita na brashi. Ekipi ya pwani ilete mikanda yote mliyo nayo nyumbani, hata ile mnayoona aibu kuileta. Hatutamuuliza mtu aliitoa wapi. Rangi iko tayari, nyeusi na nyekundu. Mama wa ekipi ya mchanga amekubali kuchora mistari, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza.

Komite sasa ipokee maswali, kisha tupige kura juu ya yale mambo matatu.